Elmina kwa siku moja au mbili: ngome, bandari, kilima au Java?

Wageni wengi wanaofika Elmina, mji wa pwani ya Ghana, hawamalizi saa mbili mjini. Basi linawatoa Cape Coast, mji mkubwa ulio kilomita kama 13 upande wa mashariki, wanaingizwa ngomeni, wanasimuliwa, wanapiga picha ukutani, kisha dereva anawasha gari. Mji wenyewe wanauona dirishani wakipita: bandari ya wavuvi, kilima chenye ngome ya pili, makaburi, madhabahu za vikosi vya jadi, na Makumbusho ya Java, madogo, ya watu waliokwenda kupigana vita upande wa pili wa dunia. Inaniuma kuona mji kama huu ukichukuliwa kuwa kituo cha kushuka na kupanda, na ndiyo sababu ya kuandika ulinganisho huu.

Namwandikia mtu wa kwetu, wa Dar, Mombasa, Kampala au Bujumbura, aliyekwenda Accra kwa mkutano, harusi au biashara akabakiwa na siku moja au mbili. Kutoka Accra mpaka Elmina ni kilomita 150 na kitu, mwendo wa saa tatu ukibahatika na foleni za kutoka jijini. Ukifika, muda hautatosha kila kitu, kwa hiyo nimeziweka sehemu mbili mbili, kwa sababu uamuzi wenyewe huja hivyo ukiwa pale: umetoka ngomeni, jua linawaka, je upande kilima au ushuke bandarini?

Ngome ya ufukweni au ngome ya kilimani

Ngome ya ufukweni, ambayo Wareno waliipa jina la São Jorge da Mina, haina mjadala. Kama una saa mbili tu Elmina, zimalizie hapo. Ilianza kujengwa Januari 1482 chini ya Diogo de Azambuja, aliyetumwa na mfalme João wa Pili na kuja na askari, mafundi, na mawe yaliyochongwa tayari kutoka Ureno. Ndilo jengo kongwe zaidi la Wazungu lililosimama mpaka leo kusini mwa Sahara. Kwa aliyezoea Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, hii imeitangulia kwa zaidi ya miaka 100. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, Wareno walikuwa wamekaa Elmina miaka 16. Ukitembea ndani huku unakumbuka gereza la Kilwa na kuta za Mombasa, unaona kwamba mambo waliyokuja kuyafanya kwetu walikuwa wameshayazoea huku.

Usitarajie nakala ya Fort Jesus, lakini. Elmina ni nyeupe pe, ghorofa juu ya ghorofa, ua ndani ya ua, na upande wa mjini kuna mahandaki yaliyochimbwa kuzuia adui. Na usitarajie kwamba habari itaanza na utumwa. Miaka ya mwanzo biashara kubwa ilikuwa dhahabu, na Wareno walifikia hata kuleta watumwa kutoka Benin na São Tomé kuja kuwauza hapa kwa wafanyabiashara wa dhahabu wa bara. Biashara ya kuwasafirisha watu kuvuka Atlantiki ilikuja kukomaa baadaye, na hasa mikononi mwa Waholanzi, walioiteka ngome mwaka 1637 na kuendelea na biashara hiyo mpaka walipoipiga marufuku 1814. Mwongozaji mzuri atakueleza yote mawili. Akiruka dhahabu, muulize, kwa sababu bila dhahabu huwezi kuelewa kwa nini ngome kubwa kiasi hiki iliwekwa kwenye kimji cha wavuvi.

Mahali pa kusimama muda mrefu ni ua wa wanawake. Ni mdogo, umezungukwa na milango ya vyumba vya mateka, na juu yake kuna roshani ya gavana. Waongozaji husimulia kwamba wanawake walitolewa nje wakapangwa uani, gavana akawa anatazama kutoka juu na kuchagua; aliyechaguliwa alikogeshwa hapohapo, akapandishwa ngazi nyembamba inayotokea kwenye kitundu cha sakafu mpaka vyumba vya gavana. Sakafuni uani kuna tufe zito la chuma. Aliyekataa alifungwa nalo juani, wenzake wakitazama. Simama uani utazame juu, kisha mkipandishwa ghorofani simama roshani utazame chini. Umbali wenyewe ni wa sauti ya kawaida tu. Mtu wa juu alikuwa anasikia kila kitu.

Ghorofani vilevile, juu ya mlango wa chumba kilichokuwa kanisa la Waholanzi, kuna maandishi ya Kiholanzi yaliyotoka Zaburi ya 132, yakisema Sayuni ni mahali pa Bwana pa kupumzikia, maskani yake milele. Watu waliingia hapo kusali ndani ya kuta zilezile zilizowafungia wenzao gizani. Mimi sijui namna ya kuipita sehemu hiyo haraka, na sikushauri ujaribu.

Kuna na chumba ambacho vikundi vingi hupita upesi, nacho kwetu kina jamaa: alichofungiwa Prempeh wa Kwanza, mfalme wa Asante, dola la bara lenye makao Kumasi. Waingereza walimkamata Kumasi mwaka 1896, wakamweka Elmina, kisha wakampeleka Sierra Leone, na mwaka 1900 wakamhamishia Ushelisheli. Huko visiwani wafungwa wenzake walikuwa Mwanga wa Buganda na Kabarega wa Bunyoro. Mwanga alifia huko 1903. Kabarega aliachiwa 1923 akafia Jinja njiani kurudi kwake. Prempeh alirudi Kumasi 1924. Yaa Asantewaa, mama aliyeongoza vita vya mwaka 1900 kutaka mfalme arudishwe, naye alipelekwa Ushelisheli, na hakurudi akiwa hai. Mtu wa Uganda akisimama kwenye chumba hicho ana haki ya kumwambia mwongozaji sehemu ya hadithi ambayo huenda kikundi hakijawahi kuisikia.

Sasa kilima. Ng'ambo ya daraja la lagoni ya Benya, mkabala na ngome, kuna kilima kidogo chenye ngome ya pili, St. Jago, ambayo Waholanzi waliiita Coenraadsburg. Hapa hakuna vyumba vya mateka wala maghala ya biashara. Ilijengwa kwa vita tu. Sababu yake ndiyo inayofanya ngome hizi mbili zistahili kuonwa pamoja. Mwaka 1637 Waholanzi hawakuivamia ngome ya ufukweni kutoka baharini, ambako mizinga ya Wareno ilikuwa inawangoja. Walipandisha mizinga juu ya kilima hiki, wakaanza kupiga kutoka juu, na baada ya siku chache tu Wareno wakasalimu amri. Fort Jesus iliwachukua Waomani karibu miaka mitatu ya kuizingira, 1696 hadi 1698. Elmina iliangushwa na kilima ambacho Wareno walikiacha bila ulinzi wa kutosha. Waholanzi, kwa kujua walichofanya, wakajenga ngome juu yake ili yasije yakawapata wao. Walianza na ya udongo 1652, kisha wakaijenga ya mawe.

Kwa ndani, St. Jago ni vyumba vitupu, na katika nyakati mbalimbali imewahi kuwa gereza na hospitali. Ukiingia ukitafuta maonyesho utasikitika. Unakuja hapa kutazama nje. Chini yako ngome nyeupe yote, bahari nyuma yake, mdomo wa lagoni ya Benya, daraja, mitumbwi, mabati ya mji. Angalia pia kile kipande cha ardhi kati ya ngome na lagoni, kilivyo wazi. Hapo palikuwa na mji. Waholanzi walipowakabidhi Waingereza ngome mwaka 1872, watu wa Elmina na mfalme wao Kobina Gyan hawakukubali. Waingereza wakamfukuza mfalme kwenda Sierra Leone, na tarehe 13 Juni 1873 wakaupiga mji mizinga mpaka ukateketea. Watu hawakuruhusiwa kuujenga tena mahali pale. Ukiwa ndani ya ngome hilo ni eneo la kuegesha magari na kupita njia. Ukiwa kilimani ndipo unapoona ukubwa wa kilichoondolewa.

Kwa hiyo: ukilazimishwa kuchagua moja, ngome ya ufukweni. Ukiwa na saa moja zaidi, usiipeleke popote kabla ya kilima. Nenda ngomeni asubuhi kabla mabasi ya wanafunzi hayajajaa, na kilimani jioni jua likishalegea. Mpangilio wa kinyume haufai, kwa sababu juu kule utakuwa unatazama kitu ambacho bado hujaambiwa ni nini. Zote mbili zina tiketi, bei ya mgeni ni kubwa kuliko ya mwananchi, na mwanafunzi mwenye kitambulisho hupunguziwa, basi kibebe. Ngomeni matembezi huongozwa na huchukua kama saa nzima.

Neno kuhusu vijana wa getini. Watakukaribia, watakuuliza jina, utalitaja kwa adabu kama tulivyolelewa, na ukitoka utakuta jina lako limeandikwa kwenye kombe la baharini na unadaiwa pesa. Hawana shari. Kama hutaki kununua, salimia, tabasamu, usitaje jina, endelea kutembea.

Bandari: Jumanne au siku nyingine

Hapa swali ni la siku. Wavuvi wa Kifante, wenyeji wa pwani hii, hawaingii baharini Jumanne. Ni siku ya bahari kupumzika, na Elmina desturi hiyo inashikwa kwelikweli. Kwa hiyo kuna bandari mbili kwenye bandari moja.

Siku za kawaida, fika asubuhi usimame karibu na daraja. Mitumbwi yao ni mikubwa kuliko anayoijua mvuvi wa Kilwa au Lamu: gogo moja la mti wa wawa lililochongwa, mbao zikaongezwa ubavuni kulipa kina, mashine nyuma, bendera juu. Ubavuni kumechorwa na kuandikwa kila kitu, mistari ya Biblia, methali, majina ya timu za mpira. Inapoingia na samaki, wanawake ndio wenye soko. Wao hununua kwa jumla kutoka kwenye chombo, wao hubanika kwa moshi, wao husafirisha bara, na malkia wao wa soko, anayeitwa konkohemaa, ana sauti kubwa kwenye bei. Pana kelele, utelezi, harufu na mbio. Mtu mwenye karai la samaki kichwani hatasimama akupishe, na hapaswi. Vaa viatu vinavyoweza kuloa.

Jumanne mambo hayo yote yanatulia. Mitumbwi imerudi yote, imebanana lagoni ubavu kwa ubavu kiasi kwamba maji hayaonekani vizuri, na wanaume wamekaa juu ya marundo ya nyavu wakishona. Ukitaka kuona kazi ya mkono, hii ndiyo siku. Tazama fundi mmoja tu kwa dakika kumi: ameukaza wavu kwa kidole gumba cha mguu, sindano ya nyavu inaingia na kutoka, macho yake wala hayapo kwenye tundu, yapo kwa mwenzake wanayebishana naye. Watu wana nafasi ya kuzungumza, na Kiingereza kinatosha.

Nikipewa nafasi ya kuchagua siku moja tu, nachagua Jumanne, ingawa najua wengi watanipinga. Purukushani ya kupokea samaki tunayo Feri ya Dar na Malindi ya Unguja. Mji mzima wa wavuvi kuiachia bahari siku moja kila wiki, na kila chombo kikarudi nyumbani, hilo ni jambo la kwenda kuliona kwao. Ila kama unasafiri na mtu ambaye hajawahi kuona soko la samaki la pwani, mpeleke siku nyingine yoyote.

Angalia pia mwezi. Kuanzia 2019 msimu wa Ghana wa kufunga uvuvi uligusa mitumbwi pia, na kwa miaka kadhaa uliangukia Julai, bandari ikawa inaweza kukaa kimya kwa wiki nzima nzima; mwaka 2025 mitumbwi iliondolewa kwenye msimu huo, kwa hiyo ulizia kabla ya kwenda. Lakini Jumanne ya kwanza ya Julai ndiyo Bakatue, sikukuu kubwa ya Elmina ya kufungua lagoni. Machifu hutoka kwa machela na miavuli, Nana Benya, mungu wa lagoni, hutolewa sadaka ya viazi vikuu vilivyopondwa na mayai, kisha wavu hurushwa lagoni mara tatu na uvuvi humo ukaruhusiwa tena. Anayekwenda kwa ajili ya Bakatue asipange kuona kitu kingine siku hiyo. Ngome, kilima na makumbusho viwekwe siku ya kabla au ya baada.

Picha: omba kwanza, kila mara. Ukiona mtu amegeuza uso, shusha simu.

Madhabahu za asafo au makaburi ya Waholanzi

Vyote viko mjini, vyote ni vya bure au karibu na bure, vyote vinachukua kama nusu saa. Hapa sisiti: nenda kwenye madhabahu.

Asafo ni vikosi vya vijana wa Kifante vilivyokuwa jeshi la mji, na sasa vina kazi za kijamii, sherehe na mazishi. Wafante hurithi upande wa mama, lakini uanachama wa asafo mtu huupata kwa baba, na kwa hiyo kila mtu ana watu wake wa pande mbili. Kila kikosi kina namba, rangi, bendera, na madhabahu yake, posuban, iliyojengwa kwa saruji na kupakwa rangi kali barabarani kati ya nyumba za watu. Zina meli, mizinga, wanyama, wanajeshi. Moja ina Adam na Hawa wa ukubwa wa binadamu kamili. Kila sanamu ina ujumbe kwa vikosi jirani, mara nyingi wa kujigamba, na bila mwenyeji wa kukufafanulia utaona sanamu tu. Mtafute mzee wa jirani, msalimie, mwambie umetoka wapi, umwachie kitu kidogo. Mkono wa kulia, kama kwetu. Wa kushoto haupokei wala hautoi. Ukipita njia hizo utakutana pia na nyumba za wafanyabiashara wa karne ya 19, nyingine zimekarabatiwa, nyingine zinaelekea kuanguka.

Makaburi ya Waholanzi ni ya mwanzoni mwa karne ya 19, yamezungushiwa ukuta, na katikati yana kaburi kubwa la mawe lenye nguzo. Yanapendeza na yametulia. Kwa anayefuatilia historia ya Waholanzi au anayependa kusoma majina ya kale, yanafaa. Kwa mwingine yeyote, yatazame ukipita.

Makumbusho ya Java

Hapa wageni wengi hawafiki kabisa, nami nayaweka juu ya makaburi, juu ya kanisa, na kwa msafiri anayependa habari za watu, sambamba na kilima.

Kati ya 1831 na 1872 Waholanzi walichukua wanaume kama 3,000 kutoka pwani hii wakawafanya askari wa jeshi lao la Indonesia, ambayo wakati huo ilikuwa koloni lao. Jeshi la kule lilikuwa linakufa kwa maradhi na vita, na walifikiri Waafrika wangestahimili joto. Wengi wa walioandikishwa walikuwa watumwa, wakiwemo walionunuliwa Kumasi chini ya mapatano na mfalme wa Asante ya 1837; walikombolewa kwa fedha ambayo ilikatwa baadaye kwenye mishahara yao wenyewe. Biashara ya utumwa ilikuwa imeshapigwa marufuku, na hii ikaitwa ajira. Walizunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakavuka Bahari ya Hindi, bahari yetu, wakapigana Sumatra na kwingineko. Wenyeji wakawaita Belanda Hitam, Waholanzi Weusi. Baadhi walioa huko, na wazao wao wapo. Mjini Purworejo, Java, walipewa kijiji chao. Waliorudi Elmina na pensheni walijenga kwenye kilima ambacho mpaka leo kinaitwa Java Hill.

Makumbusho haya yalifunguliwa 2003 na ukoo wa Ulzen, wazao wa mmoja wa askari hao. Ni madogo: picha, nyaraka, maelezo ya ukutani. Yanasimulia pia habari za batiki, kwamba askari waliorudi ndio waliowazoesha watu wa pwani hii vitambaa vya Java, na viwanda vya Uholanzi vikaja kuviiga na kutuuzia kitenge cha nta. Wako wanahistoria wasioikubali hadithi hiyo, kwa kuwa biashara ya vitambaa ilikuwa na njia nyingi. Lakini mama yeyote wa Kigoma au Bujumbura anayejua thamani ya doti halisi ya Kiholanzi atasimama mbele ya maelezo hayo kwa muda.

Ukilinganisha na ngome: ngome inakupa mahali na kuta, Java inakupa watu na majina yao. Anayechoka upesi na vyumba vya kusoma aende kilimani. Anayependa kujua nini kilimpata mtu mmoja mmoja aje hapa. Muhimu ni hili: ni makumbusho ya watu binafsi, si ya serikali, kwa hiyo waulize wenyeji wa hoteli yako kama yamefunguliwa kabla hujatoka.

Kanisa la Mtakatifu Yosefu

Mapadri wa kwanza wa umisionari wa Kikatoliki wa zama hizi nchini Ghana walifika Elmina mwaka 1880, na kanisa lao liko kilimani, sasa ni basilika ndogo. Kwa Mkatoliki anayejua habari za Bagamoyo, ambako misheni ilianza 1868, ni hija ya heri, hasa Jumapili kwaya ikiwa imeshikana. Kwa mwingine si lazima.

Kulala Elmina au Cape Coast

Cape Coast ina hoteli nyingi za bei ya chini, vyakula vingi, usafiri rahisi, na ngome yake yenye makumbusho yaliyopangwa vizuri kuliko ya Elmina. Pia ndiyo njia ya kwenda msitu wa Kakum, wenye daraja la kamba juu ya miti lililofunguliwa 1995. Ukiwa na watoto waliokwisha kuelewa mambo, Kakum na Cape Coast vitawafurahisha zaidi, na Elmina mje nusu siku. Watoto wadogo sana nisingewaingiza kwenye vyumba vya mateka vya ngome yoyote. Mmoja wenu abaki nao nje.

Ngome zote mbili kwa siku moja? Inawezekana, teksi za pamoja na trotro, yaani matatu au daladala za kwao, hupita muda wote. Lakini ni masimulizi mazito mara mbili kwa siku moja, na nimeona watu wakiingia ya pili wakiwa wameshachoka kusikia. Chagua moja kwa siku. Ukiuliza ipi, jibu langu ni Elmina, kwa sababu ukitoka getini unaingia moja kwa moja kwenye mji wa watu walewale, wenye kazi zao, sikukuu zao na ubishi wao.

Wazee na wenye magoti mabovu wajue kwamba Elmina ina ngazi kali na milango mifupi. Ua mkubwa na ua wa wanawake unaweza kuviona bila kupanda. Kilimani teksi ikusogeze mpaka chini ya mteremko. Kuogelea, acha: mkondo wa pwani hii una nguvu, na ufukwe wa mjini ni wa kazi. Chakula, ulizia kenkey ya Kifante, donge la unga wa mahindi uliochachushwa na kupikwa ndani ya majani makavu ya migomba, kwa samaki wa kukaanga na pilipili. Mtu wa ugali ataona uchachu wake ni mkali mwanzoni. Kula na samaki, usile peke yake.

Kabla ya yote hayo, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, wataiomba uwanja wa ndege wa Accra. Mvua kubwa ni Mei na Juni. Desemba na Januari ni kukavu, ila vumbi la harmattan, upepo mkavu wa kutoka Sahara, linaweza kuifanya picha ya kilimani iwe ya kijivu.

Mwenye nusu siku: ngome ya ufukweni, kisha kilima. Mwenye siku moja: ongeza bandari katikati na madhabahu mbili tatu njiani. Mwenye siku mbili, na akiweza kuchagua, afike Jumatatu mapema. Siku hiyo aone samaki wakishushwa, ashinde Java na mitaani, alale Elmina. Jumanne asubuhi aingie ngomeni, mchana akae na wanaoshona nyavu, na jioni apande St. Jago, mitumbwi ikiwa bado yote imo lagoni.